Krimu ya pumu ya ngozi mtoto akiwa kwa mlezi

Mama Ivan, kama mlezi ndiye anayempaka krimu mchana, usimwachie maelezo ya mdomo tu. Mpe daftari. Kila akipaka aandike saa, dawa gani, sehemu gani, na jina lake. Jioni ulisome kabla hujapaka tena, maana hapo ndipo steroidi (krimu ya dawa ya kutuliza ngozi iliyovimba na kuwasha) hurudiwa mara mbili. Steroidi ya kujaza ncha ya kidole cha mtu mzima, hadi mkunjo wa kwanza, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake. Krimu ya kulainisha ngozi, isiyo steroidi, ipakwe bila ubahili, hasa baridi hii ya Julai hapa Moshi. Mlezi anawe mikono kwanza, jamani! Ngozi ikitoa usaha, mpeleke mtoto kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC.