Kisa cha zamani usikiandike upya kabla hujajua mapangoni anaishi nani

Mkuu umeuliza kama ukiandike upya chote au ukitupe, maana umechezesha kisa cha zamani cha Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao mmoja anasimulia hadithi na wenzake kila mtu ana mhusika wake, wanaamua wafanye nini na dadu zinaamua kama wataweza, na saa moja haijaisha wahusika watatu wamekufa na waliobaki wameshika simu. Nakujibu kwa niliyopitia hapa Moshi, kwasababu mi nilikiandika upya chote na miezi miwili ikaenda bure.

Kisa chenyewe ni The Keep on the Borderlands cha Gary Gygax, cha mwaka 1979, kilikuwa kinakuja ndani ya boksi la wanaoanza, kijitabu tu. Kuna ngome mpakani, alafu kuna bonde lina mapango na kila pango lina viumbe wake. Mi nikaona pale hadithi hamna, watu wa ngome hawana hata majina, mlinzi ni mlinzi tu. Basi nikatunga, mfalme nikaweka, utabiri nikaweka, msaliti nikaweka, kila tukio na siku yake. Jumamosi tukakaa sebuleni kwa dada yangu, mtaa wa Pasua, watu watano, wakafika njia panda wakataka kulia na hadithi yangu iko kushoto, nikawavuta warudi kushoto. Wiki ya tatu walikuja wawili.

Ndo nikarudi kwenye kitabu nikakisoma taratibu, na nikakuta niliyokuwa nayaruka. Kuna magoblini pale, vijitu vidogo vikorofi vya hadithi, wakizidiwa wanamrushia zimwi jirani yao mfuko wa vipande 250 vya dhahabu aje awasaidie. Hebu ifikirie hiyo kidogo. Zimwi analipwa, na anayelipwa si anaweza kulipwa zaidi na mwingine? Alafu pale ngomeni kuna tetesi, zingine za uongo, moja inasema ukisikia goblini anapiga kelele "bree-yark" ujue amesalimu amri, kumbe ni kengele anawaamsha wenzake! Na sheria za wakati ule mkikutana na kiumbe unarusha dadu mbili za pande 6 kuona anawapokeaje, anaweza kushambulia, anaweza kusita, anaweza hata kuwa rafiki. Tena pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi, nyingi zilitoka kwenye hazina mliyoleta, kuua kulilipa kidogo sana. Sasa ukiyachukua mapango ukaziacha izo sheria mbili kinachobaki ni kuchinjana chumba kwa chumba na vijana wako wanakufa, lazima. Zirudishe, hata kama mengine yote unatumia sheria mpya, na kabla ya kuanza waambie wazi kwamba kukimbia kunaruhusiwa, wengi waliozoea gemu za simu wanadhani kila aliye mbele yao amewekwa apigwe.

Lingine nilifundishwa na mchezaji. Nilikihamishia kisa huku kwetu, ngome nikaiweka kwenye njia ya misafara chini ya mlima, na mapango nikayafanya kama yale mahandaki ya Marangu ambayo Wachagga walichimba wajifiche wakati wa vita na Wamasai. Dada mmoja kwenye kundi, mtu wa hukohuko Marangu, akaniambia, "Kaka, sasa waliomo humo si ndo bibi zetu?" Nikakaa kimya, sikuwa na jibu. Maana kitabu cha zamani kina wanawake na watoto mle mapangoni, kimewahesabu kabisa, ila hakikuambii uwafanye nini. Wazo la kwanza lilikuwa niwafute. Nikawaacha, nikaanza kujiuliza hawa nani kawafukuza mpaka wakaishia chini ya ardhi na wanakula nini huko. Nikaweka kwamba ngome imeuziba mfongo, ule mfereji wa maji wa Kichagga, kule juu, maji yanaishia kwenye mashamba ya mkuu wa ngome. Basi. Ramani sikuigusa, vyumba ni vilevile, nikawapa majina watu wanane wa ngomeni na nikaandika nani anamdai nani, nusu karatasi ya daftari, usiku mmoja.

Hata wenye gemu yao waliporudisha Ravenloft ya 1983, kisa kingine cha ngome ya mnyonya damu, kwa jina la Curse of Strahd mwaka 2016, nchi inayoizunguka ile ngome waliipanua sana lakini kule kupigiwa ramli ya karata, ambako kunaamua vitu muhimu vimefichwa wapi, walikuacha. Walijua nguvu ya kisa iko wapi, na wewe kwenye kisa chako itafute hiyo kwanza.

Sisi Jumamosi iliyofuata walirudi wote watano. Hawakupigana hata mara moja, saa tatu nzima wanapatana na zimwi bei kama wako soko la Memorial, yule dada ndo msemaji, zimwi akaishia kwenye vipande 300 na mbuzi wawili. Usiku ule kwenye kisa wakapanda na magoblini sita kwenda kuzibua mfongo, na mlinzi wa zamu, ambaye sasa ana jina na deni, akageukia ukutani akajifanya hajaona.