Chakula cha vifaranga vya kambale kiandaliwe kabla ya sindano

Watu wanaotaka kuanzisha kituo cha kutotolesha vifaranga vya kambale hapa Tabora huniuliza kwanza jike mmoja hutoa mayai mangapi. Mayai hayana shida: gramu moja tu huwa na takriban mayai 600 hadi 700, na jike mwenye afya atakupa mengi kuliko utakayoweza kuyatunza. Kazi yenyewe huanza kama siku tatu baada ya kuanguliwa, pale kiini alichozaliwa nacho kifaranga kinapokwisha, naye akaanza kutafuta chakula kilicho hai.

Ndiyo maana simchomi jike sindano ya homoni, ile ya kumtayarisha kutoa mayai, kabla ya kuhakikisha kwamba mayai makavu ya artemia, yaani vijidudu vya maji ya chumvi wa jamii ya kamba, ninayo, na kwamba nimeyajaribu nikaona yanaanguliwa. Hayo huwekwa katika maji ya chumvi yenye mwanga na hewa ya pampu, na kwa joto la nyuzi 28 hutoa vijidudu hai ndani ya takriban saa 24. Artemia ni ghali, nakubali, lakini hutumika kwa siku chache tu, ilhali anayeanza na chakula cha unga peke yake hupoteza vifaranga wengi, kwa kuwa matumbo yao bado hayajakomaa na mabaki ya unga huyachafua maji upesi.

Siku ya kukamua mayai, kila kitu kiwe mkononi. Dume huchinjwa, kwa sababu mbegu zake hazikamuliki kama za samaki wengine. Mbegu hizo huchanganywa na mayai katika beseni kavu kwa unyoya safi wa kuku, kisha ndipo maji yanapoongezwa. Kuanzia hapo usikawie, kwani mayai hunata: yatandaze tabaka moja juu ya kipande cha chandarua kilichovutwa ndani ya tangi. Wakianguliwa, vifaranga hupenya matundu na kushuka chini, huku maganda na mayai yaliyokufa, ambayo huwa meupe, yakibaki juu. Chandarua hicho kitolewe mapema, kabla uchafu wake haujaoza.

Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza kwenye simtanki lililo wazi, yakipigwa hewa, mpaka dawa iishe. Juni na Julai, usiku wa Tabora ni baridi. Bila hita mayai huchelewa kuanguliwa na ukungu huyawahi. Asiye na umeme wa uhakika ni heri asubiri miezi ya joto.

Baada ya wiki mbili hivi, watenganishe kwa ukubwa, na urudie mara kwa mara, kwa sababu wakubwa huwala wadogo hata wakiwa wameshiba. Mimi huuza wenye gramu 3 hadi 5. Mteja anayetaka wadogo zaidi kwa bei nafuu, mimi humweleza waziwazi kwamba bwawani, hasa wakati wa mvua, vyura watamwachia wachache sana.