Muda wa biashara mtautoa wapi? Maswali yenu na majibu yangu

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza jambo moja: mtu ana kazi, ana familia, na anataka kabiashara. Ushauri wa "amka mapema zaidi" mimi siutoi. Wengi wenu saa 10 alfajiri mko macho tayari, mnachota maji. Nitauliza kitu kingine: hiyo biashara yenyewe inataka saa zipi, na wewe una zipi?

Shikamoo dada. Naishi Chanika, nafanya kazi Posta. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku, na nina watoto wawili wadogo. Nataka kuuza vitumbua kwa wenzangu kazini, lakini muda sina kabisa.

Marahaba, mdogo wangu. Nimekaa nikakupigia hesabu ya hivyo vitumbua. Mchele lazima uwe umelowekwa tangu asubuhi. Ukirudi unausaga na tui la nazi, iliki na hamira, unauacha uumuke. Chuma chako tuseme kina mashimo saba, na kila mkupuo unakula dakika tano. Vitumbua 70 ni mikupuo kumi, yaani karibu saa nzima umesimama mbele ya jiko, na hapo sijahesabu kuwasha mkaa wala kufungasha. Maana yake saa 9 usiku uko jikoni. Wiki ya kwanza utaweza, kwa sababu hamu ipo. Wiki ya tatu utasinzia kwenye daladala na kituo kitakupita.

Vitumbua ni biashara nzuri, ila ni ya mtu anayeshinda nyumbani. Vinataka kuliwa siku hiyo hiyo, na saa vinapohitaji mikono yako ndiyo saa unapohitaji usingizi. Tafuta bidhaa inayoweza kukusubiri: karanga, ubuyu, kashata, pilipili ya chupa. Unatengeneza Jumamosi, unauza wiki nzima.

Mimi nilipokuwa karani nilianza na achari ya embe. Ijumaa usiku nakata embe mbichi na kuzitia chumvi, Jumamosi nazianika, Jumapili napika na kujaza chupa. Wikendi moja mvua ilinikamata na embe ziko uani. Kwa kuwa nilishaahidi watu, nikazipika hivyo hivyo zikiwa na unyevu. Alhamisi chupa 14 zilikuwa na kuvu. Nilirudisha hela ya kila mtu, na aibu nikabaki nayo mwenyewe. Tangu hapo jua likikataa, Jumatatu nafika kazini mikono mitupu na kuwaambia watu wasubiri.

Kabla hujanunua hata kilo moja ya karanga, chukua daftari uandike siku saba mfululizo unachofanya, nusu saa kwa nusu saa. Nilipoandika la kwangu niligundua kwamba Jumamosi saa zangu tatu nzima zilikuwa zinaishia kwenye vikao vya harusi, tunajadili rangi ya vitambaa vya ukumbini. Mchango niliendelea kutoa. Vikao niliwaachia wengine, na harusi zilifana vilevile.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma. Rafiki ananiambia kuku wa nyama ni wiki sita tu na wanajilea wenyewe. Nianze na 200?

Hakuna kuku anayejilea, mwalimu. Huyo rafiki yako ana banda, au ana vifaranga vya kuuza?

Wiki mbili za mwanzo kifaranga ni kama kichanga. Baridi ikiingia wanarundikana kona moja na kukandamizana, asubuhi unaokota waliokufa. Kwa hiyo usiku unaamka kuangalia jiko la mkaa, hasa kwa baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita na wa saba. Kisha kuna chanjo: kwa kawaida siku ya 7 ni ya kideri, ya 14 gumboro, ya 21 kideri tena. Dawa inawekwa kwenye maji. Unawanyima maji kwanza wapate kiu, halafu wanatakiwa wayamalize ndani ya saa mbili hivi. Nani atakuwa bandani saa 4 asubuhi, wakati wewe uko ubaoni?

Anza na 50, na agiza mapema ili vifaranga vifike siku likizo ya Juni inapoanza. Zile siku ngumu zitakukuta nyumbani, na ukirudi shule wameshaota manyoya. Najua unaitamani Krismasi kwa sababu bei inapanda. Lakini kuku wa Krismasi anaingia bandani mapema Novemba, wewe ukiwa na lundo la karatasi za kusahihisha. Krismasi iache mpaka umpate mtu wa kukusaidia.

Na wewe anza kutafuta wateja kuku wakiwa wiki ya nne. Akishafikia uzito wa kuuzwa, kila siku anayobaki bandani anakula faida yako.

Nauza mashuka kwa staitasi ya WhatsApp. Wateja wanapiga simu nikiwa kazini, na bosi ameanza kuninunia.

Bosi wako ana haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na 9 kwa siku. Ukishalipwa kwa saa hizo si zako tena. Tena kausome mkataba wako, mingine inamtaka mfanyakazi aombe ruhusa kabla ya kufanya biashara ya pembeni.

Ila nina wasiwasi na kitu kingine. Wewe ni wale wa "bei njoo inboksi", au nimekosea? Hapo ndipo muda wako unapopotelea. Watu 20 wanauliza bei, mnasalimiana, mnaulizana hali, wawili wananunua. Kila picha iandikie bei, ukubwa wa shuka, rangi zilizopo na siku za kupeleka mzigo. Siku mbili kwa wiki zinatosha, tuseme Jumatano na Jumamosi, bodaboda mmoja unayemwamini. Ujumbe jibu saa 7 mchana na baada ya saa 11 jioni. Mteja wa mashuka hafi kwa kusubiri.

Nina mimba ya miezi saba. Likizo ya uzazi ni siku 84, naona huo ndio muda wa kufungua duka.

Hapana, mama. Hizo siku 84 (ni 100 ukijifungua zaidi ya mmoja) utazihitaji zote, na nyingi hutazikumbuka. Kama mikono inawasha, tumia wiki zilizobaki kwa mambo ya karatasi: TIN (namba ya mlipakodi), ambayo TRA wanaitoa bure, na jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unaloweza kusajili mtandaoni ukiwa umekaa.

Nalinda usiku, natoka lindo saa 12 asubuhi. Kuna watu wako tayari kunikopesha, marejesho kila siku. Niache kazi nifungue genge?

Kaka yangu, huo mkopo una jina mtaani: kausha damu. Watu wanalalamikia riba yake, mimi naongeza kwamba unakula na muda. Badala ya kutafuta bidhaa, kila siku kutwa unatafuta rejesho.

Halafu genge linataka mtu awe sokoni alfajiri. Ukisema uliendeshe huku bado unalinda, ukitoka lindo ukafika saa 1, nyanya nzuri zimeshachukuliwa na umebakiwa na za chini ya tenga. Kazi usiiache. Lala mpaka saa 8 mchana, kisha saa 10 hadi saa 12 jioni jaribu kitu kimoja tu, kwa mfano trei ya mayai ya kuchemsha na kachumbari, ukielekea lindo. Fanya mwezi mzima, uandike. Ukiona yanaisha kila siku, hapo tuongee habari ya genge.

Kama mkopo ni lazima, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Kwa kawaida inatolewa kwa vikundi, na utazunguka kwenye ofisi mpaka uchoke, lakini hakuna atakayekuja kukubebea godoro.

Mume wangu ananuna, anasema tangu nianze kushona mapazia anakula chakula cha baridi.

Wangu alianza na harufu ya siki ya achari. Nyumba nzima inanuka, eti hata mashati yake. Sikubishana naye. Jioni moja nilimwachia daftari la mauzo mezani nikaenda kuoga. Nilipotoka nilimkuta ameshajumlisha kurasa mbili, amepigia mstari kosa langu la shilingi 3,000, na anauliza chupa za kuoshwa ziko wapi.