Amplifaya isiyolala, amplifaya isiyoamka: ushauri kwa anayerekebisha kiendeshi cha sauti

Malalamiko yanayonifikia kuhusu amplifaya za sauti katika vifaa vinavyotumia Linux huwa ya namna mbili. Ama betri inaisha usiku ilhali hakuna aliyecheza muziki, ama spika zinakaa kimya baada ya kifaa kuamka na sauti hairudi mpaka kiwashwe upya. Wenye vifaa huyaona hayo kuwa mambo mawili yasiyohusiana. Kwa uzoefu wangu wa kurekebisha viendeshi (programu za kerneli, kiini cha Linux, zinazoongoza vifaa) vya amplifaya za daraja D (zinazokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme haraka) zinazoongozwa kwa I2C, yaani basi la data la nyaya mbili kati ya chipu na prosesa, yote mawili hutoka mahali pamoja: hali ya umeme ya chipu ina mashahidi watatu, nao hawakubaliani.

Shahidi wa kwanza ni chipu yenyewe, pamoja na njia zake za umeme na pini ya kuizima. Wa pili ni kashe ya regmap (sehemu ya kerneli ambayo viendeshi huipitia kusoma na kuandika rejista, yaani visanduku vidogo vya mipangilio ndani ya chipu): nakala ya thamani za rejista ambayo kerneli huitunza ili isilazimike kuisoma chipu kila mara, na ili mtumiaji aweze kubadilisha kiwango cha sauti hata wakati chipu imelala. Wa tatu ni kihesabu cha matumizi cha mfumo wa runtime PM (unaolaza na kuamsha kifaa kimojakimoja mashine ikiendelea kufanya kazi), uliomo katika kerneli tangu toleo la 2.6.32 la mwaka 2009: kila sehemu ya msimbo inayokihitaji kifaa hukiongeza kihesabu kwa moja, ikimaliza hukipunguza, na kikifika sifuri kifaa huruhusiwa kulala. Ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wote ni kwamba usibadilishe hata mstari mmoja wa msimbo kabla hujajua ni yupi kati ya hawa watatu anayesema uongo.

Kuwahoji si kazi ngumu. Katika saraka ya kifaa ndani ya /sys/bus/i2c/devices kuna saraka ndogo iitwayo power. Faili la runtime_status humo litakuambia kama kerneli inaamini kifaa kiko macho, na runtime_suspended_time litakuonyesha kwa milisekunde jumla ya muda ambao kimelala. Kashe inasomeka kupitia debugfs, mfumo wa faili wa kuchunguzia kerneli, chini ya /sys/kernel/debug/regmap. Chipu yenyewe huulizwa kwa amri ya i2cget ya kifurushi cha i2c-tools, ikiwa na chaguo la -f kwa sababu anwani tayari imeshikwa na kiendeshi. Amri hiyo hupita pembeni ya regmap kabisa, na hiyo ndiyo faida yake. Lakini angalia kama chipu yako ina kurasa za rejista, yaani mafungu ya rejista yanayotumia anwani zilezile, kwa maana ukibadilisha ukurasa kwa mkono bila kuurudisha, kiendeshi kitaandika mahali pasipo pake, nawe utakuwa umeongeza hitilafu ya pili juu ya ile unayoitafuta. Angalia pia rejista za hali ambazo hujifuta zinaposomwa.

Amplifaya nyingi za aina hii hulala kwa namna mbili. Ukiandika katika rejista ya umeme kwamba chipu ipumzike, inazima hatua ya kutoa nguvu lakini inahifadhi rejista zake na bado inaitikia kwenye basi la I2C. Ukiishusha pini ya kuzima, au ukikata umeme kwenye regyuleta (kifaa kinachoilisha chipu umeme), kila kitu kinapotea, na chipu huamka ikiwa na thamani za kiwandani. Kiendeshi kilichoandikwa kwa ajili ya ubao ambao pini hiyo haikuunganishwa kinaweza kufanya kazi kwa miaka bila lawama, kisha kikahamishiwa kwenye ubao ambao imeunganishwa na kikaanza kuonekana kibovu, ilhali hakuna aliyegusa msimbo. Soma waraka wa chipu kuhusu jambo hili kabla ya jingine lolote.

Sasa nikae kidogo kwenye kashe, kwa sababu ndiko hitilafu nyingi hujificha. Kabla ya kukata umeme, kiendeshi kinapaswa kuiweka regmap katika hali ya kutumia kashe pekee kwa regcache_cache_only, kisha kuitia alama ya kupitwa na wakati kwa regcache_mark_dirty. Umeme ukirudi, na muda ambao waraka wa chipu unautaka ukiisha kupita, hali ile huondolewa na regcache_sync huziandika rejista upya. Kinachokosekana mara nyingi ni ile alama. Kitendakazi cha regcache_sync hutazama kwanza kama alama ipo. Isipokuwepo, hurudi bila kuandika chochote na bila kulalamika. Na hapa ndipo hitilafu inapopata ujanja: mtumiaji akibadilisha sauti wakati regmap iko katika hali ya kashe pekee, uandishi huo wenyewe hutia alama, na chipu ikiamka kila rejista huandikwa ipasavyo. Asipogusa kitu, chipu huamka bubu. Ripoti inayosema kwamba kifaa "wakati mwingine kinafanya kazi" humsukuma mtu kuongeza muda wa kungoja hapa na pale, na nimeona viendeshi vilivyojaa msleep (amri za kungoja) za namna hiyo, kila moja ikiwa kaburi la hitilafu ambayo haikueleweka. Ukisikia maneno hayo, tafuta alama kwanza.

Alama ikiwepo, bado kuna jedwali la reg_defaults. Baada ya regcache_mark_dirty, kerneli huchukulia kwamba chipu imerudi kwenye thamani za kiwandani, na kwa hiyo huiruka kila rejista ambayo thamani yake katika kashe inalingana na jedwali. Ni busara, kwa kuwa inaokoa muda kwenye basi, lakini inategemea jedwali liwe la kweli. Jedwali likiwa limenakiliwa kutoka chipu ya kizazi kilichotangulia, na rejista moja ikawa imebadilishwa na mtengenezaji, rejista hiyo haitaandikwa kamwe baada ya kuamka, ingawa debugfs itakuonyesha thamani nzuri kabisa. Nikipokea kiendeshi nisichokijua, huishusha pini, huipandisha, kisha huzisoma rejista zote kwa i2cget na kuzilinganisha na jedwali mstari kwa mstari. Inachosha, lakini inafanywa mara moja tu kwa kila chipu.

Kuna pia amplifaya zinazojizima zenyewe, kwa mfano zinapopata joto kupita kiasi au zinapokosa mapigo ya saa kutoka kwa prosesa. Chipu imejizima, lakini kashe bado inasema imewashwa. Kiendeshi kinapoiwasha tena kwa regmap_update_bits, kerneli huona kwamba thamani mpya ni sawa na iliyopo kwenye kashe, na haiandiki lolote. Spika hubaki kimya, na ukizima na kuwasha muziki haraka haraka hakubadiliki kitu. Tiba ni regmap_write_bits, ambayo huandika hata kama thamani haijabadilika, au kuitangaza rejista ile kuwa inabadilika yenyewe. Mimi hupendelea ya kwanza, kwa sababu rejista iliyotangazwa hivyo haisomeki wakati chipu imelala: anayeisoma hupata kosa la -EBUSY, na kosa hilo hupanda hadi kwa programu ambazo hazikulitarajia.

Upande wa kihesabu, hitilafu inayojulikana zaidi ni ya pm_runtime_get_sync. Kitendakazi hiki huongeza kihesabu hata kinaposhindwa kukiamsha kifaa, na msimbo mwingi, ukiona kosa, hurudi moja kwa moja bila kukipunguza. Kosa moja la I2C asubuhi linatosha kuiacha amplifaya ikila umeme hadi jioni. Tangu toleo la 5.10 la mwaka 2020 kuna pm_runtime_resume_and_get, ambayo hurekebisha kihesabu yenyewe inaposhindwa, na sioni sababu ya kutumia ile ya zamani katika kiendeshi kipya cha sauti. Hata hivyo usiibadilishe kwa upofu katika faili zima: mahali ambapo mwandishi wa awali alikwisha kupunguza kihesabu baada ya kosa, utakuwa umekipunguza mara mbili.

Ndugu wa hitilafu hiyo, ambaye hatajwi sana, yuko kwenye probe, yaani kitendakazi kinachoitwa kiendeshi kinapokutanishwa na kifaa mara ya kwanza. Kerneli huanza kwa kuamini kwamba kila kifaa kimelala. Ikiwa probe imewasha regyuleta ili kuitambua chipu, kisha ikaita pm_runtime_enable bila kutangulia kusema kwa pm_runtime_set_active kwamba kifaa kiko macho, basi mara ya kwanza kifaa kinapohitajika, kitendakazi cha kuamsha kitaziwasha regyuleta mara ya pili. Regyuleta nazo zina hesabu yao, na kuzizima mara moja hakutoshi tena. Katika sysfs (zile faili za /sys) utaona kifaa kimelala usingizi mzuri, huku kipimo cha mkondo kikikuonyesha kwamba umeme bado unapita. Kwa hitilafu hii hakuna kinachoshinda kipimo halisi kwenye njia ya umeme.

Usingizi wa mfumo mzima ni jambo jingine. Kiendeshi chenye vitendakazi vya runtime pekee hakifanyi lolote kompyuta inapofungwa kifuniko. Ubao unakata umeme, rejista zinapotea, na kashe haijaambiwa. Kwa amplifaya nyingi inatosha kuweka pm_runtime_force_suspend na pm_runtime_force_resume katika SYSTEM_SLEEP_PM_OPS, yaani orodha ya vitendakazi vya usingizi wa mfumo.

Interapti, yaani ishara za chipu za kuomba ishughulikiwe, zinahitaji uangalifu zaidi. Kishughulikiaji cha interapti kinapokimbia wakati kashe pekee ndiyo inayotumika, hakiwezi kusoma rejista ya hali, hivyo kinarudisha jibu kwamba interapti si yake. Kama interapti ni ya aina inayodumu mpaka chanzo chake kifutwe, italia tena papo hapo, na kerneli ikifikisha 99,900 zisizo na mwenyewe kati ya 100,000 huifunga njia hiyo moja kwa moja. Wengi hutatua hilo kwa kuita pm_runtime_resume_and_get ndani ya kishughulikiaji na disable_irq ndani ya kitendakazi cha kulaza. Kila moja ikiwa peke yake ni sahihi. Zikiwa pamoja hufungana: disable_irq inangoja kishughulikiaji kimalize, na kishughulikiaji kinangoja kulazwa kwa kifaa kuishe. Chagua moja. Kama interapti haihitajiki wakati chipu imelala, izime kwenye chipu yenyewe kwa kuandika rejista ya kuziba interapti, ungoje kishughulikiaji kwa synchronize_irq, kisha ukate umeme. Na kishughulikiaji kisiguse runtime PM kabisa.

Mlio wa "pwa" kwenye spika muziki unapokatika nao ni hitilafu ya umeme, ingawa huripotiwa kama hitilafu ya sauti. Amplifaya inahitaji muda wa kushusha mawimbi taratibu kabla mapigo ya saa hayajakatika na kabla pini haijashuka. Nyamazisha kwanza, ngoja muda ulioandikwa katika waraka, ndipo uzime. Na wakati wa kuamka fuata mpangilio huo kinyumenyume. Hakikisha pia kwamba kashe haibaki na neno la "washa" katika rejista ya umeme wakati wa kulala, kwa kuwa regcache_sync huandika kwa mfuatano wa anwani, na chipu inaweza kuwaka kabla rejista za sauti hazijapata thamani zake.

Katika majaribio, tahadhari na subira ya ASoC yenyewe, mfumo wa kerneli unaosimamia viendeshi vya sauti. Kwa viendeshi vinavyoitumia, pmdown_time huacha njia ya kuchezea ikiwa na umeme kwa sekunde 5 baada ya muziki kusimama, hivyo anayecheza na kusimamisha kila baada ya sekunde 2 hajaribu kulala hata kidogo. Kwa usingizi wa mfumo, andika neno devices katika /sys/power/pm_test ili vifaa vilazwe na kuamshwa bila mashine kuzimika kweli, na ukiridhika tumia rtcwake (amri inayoilaza mashine na kuiamsha kwa saa) usiku kucha kwa usingizi wa kweli. Hatua hizo mbili hazibadilishani nafasi, kwa sababu katika ya kwanza ubao haukati umeme, na kashe isiyosawazishwa itapita bila kuonekana. Washa pia matukio ya rpm (runtime PM) na ya regmap katika ftrace, kifuatiliaji cha matukio ya kerneli. Ukiyasoma pamoja utaona wazi uandishi uliofanyika kabla ya kuamka au baada ya kulala.

Ukifika kwenye viraka, yaani mabadiliko ya msimbo unayowatumia watunzaji wa kerneli, tenganisha kila hitilafu na kiraka chake, ukitaja kwa mstari wa Fixes badiliko lililoileta, na uweke marekebisho mbele ya usafi wa msimbo. Kiraka kinachoongeza regcache_mark_dirty ni cha mstari mmoja na kinaweza kurudishwa kwenye matoleo ya zamani ambayo vifaa vingi bado vinayatumia. Kikifungwa pamoja na kubadilishwa kwa majina ya vitendakazi na mpangilio mpya wa faili, hakitarudishwa kokote.