Niko nje kwa dhamana: naweza kuvuka kwenda Dar?

SUALI: Assalamu alaikum. Nina kesi Mahakama ya Mkoa, Chake Chake, na niko nje kwa dhamana. Sharti mojawapo ni nisitoke Zanzibar bila ya ruhusa. Mama amepewa rufaa ya Muhimbili, hana wa kumpeleka ila mimi. Mdhamini wangu mmoja hana pingamizi, na askari wa kituoni ameniambia niende tu. Inatosha?
Msomaji, Wete

JAWABU: Waalaikumu salamu. Haitoshi. Sharti limewekwa na mahakama, na mahakama ndiyo ya kulilegeza. Askari, sheha wala mdhamini hana mamlaka hayo. (Ingekuwa dhamana ya polisi, kabla hujafikishwa mahakamani, hapo ungezungumza na kituo.)

Kwanza omba nakala ya amri kwa karani, uisome neno kwa neno. "Nje ya Zanzibar" inakuachia Unguja. "Nje ya Pemba" haikuachii hata boti ya Mkoani.

Kisha mwandikie hakimu anayesikiliza kesi. Taja namba ya kesi, siku ya kwenda na ya kurudi, utakapofikia Dar na simu ya mwenyeji. Ambatanisha barua ya rufaa, kivuli cha kitambulisho, na maandishi ya wadhamini wote, si huyo mmoja. Ombi la "nasafiri kwa matibabu" lisilo na siku ya kurudi ni rahisi kukataliwa. Nakala ifike mapema kwa upande wa mashtaka; wakiiona siku hiyo hiyo wataomba muda wa kujibu, na tarehe ya hospitali itakupita.

Ruhusa iwe ya maandishi na yenye muhuri. Nakala moja safiri nayo, nyengine mwachie mdhamini.

Kwa Dar huhitaji pasipoti. Anayetaka kwenda umra ajue kuwa ruhusa ya kusafiri pekee hairudishi pasipoti aliyoisalimisha: aombe yote mawili. Na kama unaripoti kituoni kila wiki, ombi litaje hilo pia.

Rudi siku mbili tatu kabla ya kesi, maana upepo ukizidi boti husimamishwa. Ukikwama, mpigie wakili, na mdhamini ahudhurie mahakamani na tiketi yako pamoja na tangazo la kusimamishwa safari. Asipotokea mtu, mahakama inaweza kutoa hati ya kukukamata, na wadhamini wakaitwa kujieleza kwa nini wasilipe fedha walizozitilia saini.