Sentensi moja ya Ibn Battuta inatosha kipindi kizima

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwanafunzi wa chuo asiye na cheti cha ualimu anafaa kuwafundisha wadogo zake wa sekondari wakati wa likizo. Nasoma historia, mwaka wa pili, na nikirudi nyumbani Kilwa Masoko hukaa na vijana wa kidato cha pili na cha tatu Jumamosi asubuhi. Jibu langu ni kwamba anafaa sana, mradi asijitie kumaliza silabasi. Silabasi ina mwenyewe, naye ni mwalimu wao. Sisi tuchukue swali moja tu, tulijadili kwa dakika 40, tuishie hapo.

Nitoe mfano. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Katika simulizi ya safari zake anausifu mji kwa uzuri, kisha anasema majengo yake yote ni ya miti. Lakini watoto hawa wamekulia ng'ambo ya magofu ya mji huo, yaliyoko kisiwa cha Kilwa Kisiwani, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa: Msikiti Mkuu, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yuleyule aliyempokea msafiri huyo. Niliandika sentensi ile ubaoni, nikaweka chaki chini, nikauliza: tumwamini nani, kitabu au magofu?

Wa kwanza alisema mgeni alidanganya. Binti mmoja, ambaye babu yake ni fundi ujenzi, akamkatalia: watu wa kawaida hata leo wanajenga kwa fito na udongo na kuezeka makuti, kwa hiyo anayezunguka mitaani ataona miti kuliko mawe. Kijana wa nyuma akadakia kwamba hata nyumba ya mawe, ukiwa ndani ukainua macho, unakutana na boriti. Hapo nikawapa habari niliyokuwa nimeibana: Ibn Battuta hakuyaandika hayo akiwa Kilwa. Alimsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy huko Moroko, na kitabu kikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baadaye. Mabishano yakaanza upya, na hakuna aliyeuliza kama swali hilo hutoka kwenye mtihani.

Mjadala tunaufanya kwa Kiswahili, na hili nalisisitiza. Shuleni historia wanaisoma kwa Kiingereza, na wengi wamezoea kukariri pointi za sababu na pointi za matokeo kama zilivyo daftarini. Wakishabishana kwa lugha wanayoimudu mpaka jambo likaeleweka, dakika za mwisho kila mmoja huandika aya fupi kwa Kiingereza. Sarufi inayumba, lakini hakuna aya mbili zinazofanana, na mimi hilo ndilo ninalolitafuta.

Wanaotaka tusubiri vyeti nawakumbusha mwaka 1968. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, wakati bado wakiwapo walioviona kwa macho yao. Ushuhuda waliokusanya unatumiwa na watafiti hadi leo. Wangengoja kuhitimu kwanza, wazee wangapi wangekuwa wameshatutoka? Vita hivyo vilianzia milima ya Matumbi, humuhumu wilayani kwetu, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Likizo ijayo nataka vijana wangu nao wakawaulize babu na bibi zao walisimuliwa nini, kisha tulinganishe na kilichomo vitabuni.

Kwa walimu wakuu ombi langu ni dogo: mtufungulie chumba kimoja chenye ubao siku ya Jumamosi. Na mzazi au mfanyabiashara mwenye uwezo atuchangie nauli ya mashua tuvuke Kisiwani, wale waliobishania mawe na miti wakazishike kuta za Husuni Kubwa kwa mikono yao.