Mkulima mmoja, stakabadhi tatu

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, nimeandika programu ya Windows kwa ajili ya chama cha msingi cha kahawa hapa Moshi. Karani wa mizani akiingiza kilo za mkulima na kubofya Hifadhi, programu huiita Excel kwa njia ya COM (utaratibu wa Windows wa programu moja kuiagiza nyingine) ichapishe stakabadhi. Excel ilipochelewa vitufe havikuitikia, hivyo nilisajili kichujio cha ujumbe (IMessageFilter, ambacho COM hukiuliza la kufanya mwito unapokwama), na ndani ya kitendaji chake MessagePending nikaweka kitanzi kinachosambaza kila ujumbe, kama vile mbofyo wa kipanya, ulioko kwenye foleni. Juzi mkulima alitoka na stakabadhi tatu za gunia lile lile. Nimekosea wapi? — Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, kosa ni hicho kitanzi. Uzi (thread) wa programu yako unaposubiri jibu la Excel haulali, kwa kuwa COM huendelea kuzungusha kitanzi chake ili mwito wa kurudi kutoka upande wa pili uweze kupokelewa; ujumbe wa dirisha ukiingia wakati huo, ndipo MessagePending huulizwa la kufanya. Wewe uliusambaza. Karani, mwenye foleni ya wakulima mbele yake, alibofya tena, na mbofyo wa pili ukaingia kwenye kitendaji cha Hifadhi ilhali wa kwanza umesimama katikati yake na kilo zile zile zingali kwenye visanduku. Kisha ukaja wa tatu, juu ya huo wa pili.

Ondoa kitanzi, na MessagePending irudishe 2: dirisha litaendelea kuchorwa, lakini kibodi na kipanya havitasambazwa. Thamani 0 hughairi mwito, nami siipendi hapa, kwani kughairi kwako hakuihakikishi kwamba Excel imeacha kuchapa.

Hata hivyo, mbofyo uliobaki kwenye foleni unaweza kutoka mara tu mwito unaporudi, kwa hiyo kuzima kitufe na kukiwasha papo hapo hakutoshi. Upe kila upimaji namba yake kabla ya kuiita Excel, na kitendaji kikatae namba iliyokwisha kutumwa.

Na Excel ikikataa mwito kwa sababu mtu anahariri kisanduku cha jedwali lake, hilo ni la RetryRejectedCall, kitendaji kingine cha kichujio hicho hicho: rudisha 100 au zaidi, nayo COM itasubiri milisekunde hizo kabla ya kujaribu tena, -1 hughairi.